Moja ya Nini? Hesabu ya Vielekezi na Kiswahili Chetu

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja aliuliza kama klabu hii ni mahali pa "masomo ya kompyuta". Aliandika kwa adabu, na swali lake ni la haki. Alisema kwamba wanachama huja hapa kupumzika na Kiingereza cha mihadhara, kupika pamoja, kusoma mashairi na kujikumbusha methali, na kwamba anayetaka kuzungumzia programu ana idara nzima ya kumsikiliza. Sisi tuliotia saini makala haya ni watatu. Tunasoma sayansi ya kompyuta, na tumekulia hapa Uingereza kwa wazazi waliotoka Mombasa, Unguja na Bukavu. Tunaomba kumjibu.

Maoni yetu ni haya: klabu itenge nusu saa katika kila mkutano ili mwanachama mmoja aeleze, kwa Kiswahili, jambo moja gumu la fani yake. Awe mwanafunzi wa udaktari, wa sheria, wa uhandisi au wa uchumi, ni sawa. Na ili tusitoe maneno matupu, tutautumia ukurasa huu kufanya tunachokiomba. Tumechagua jambo linaloogopwa na wanafunzi wengi wa fani yetu: kanuni za hesabu ya vielekezi katika lugha ya C. Msomaji asiyewahi kuandika programu akifika mwisho bila kuambulia kitu, basi mwenzetu ameshinda hoja.

Kwa nini tunaomba

Kiswahili chetu, sisi tuliozaliwa huku, kina umri. Kilikua nasi mpaka darasa la pili au la tatu, kisha kikasimama. Tunajua kusalimia, kuomba radhi, kuagiza chakula, kutaniana, kulalamika kuhusu baridi. Wazazi wakituuliza tunasoma nini, tunajibu "kompyuta", na mazungumzo yanaishia hapo. Si kwamba wao hawataki kujua. Sisi ndio hatuna maneno, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku yetu, na hivi karibuni sehemu kubwa ya maisha yetu, wazazi wetu hawaijui. Na lugha isiyoweza kutufuata kazini, hatuoni itawafikiaje watoto wetu.

Hatusemi kwamba hakuna aliyefanya kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo maneno kama faili, hariri, hifadhi na kivinjari yamezoeleka. Lakini maneno hayo ni ya anayeitumia kompyuta. Anayeiandikia programu akitaka kueleza kinachotokea chini ya kioo, huvuka mara moja kwenda Kiingereza, hata kama msikilizaji wake ni Mswahili mwenzake.

Kielekezi ni kitu gani

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mtaa mrefu wa vyumba vidogo vilivyo sawa, na kila chumba kina namba yake. Chumba kimoja ni baiti moja, na namba yake ni anwani. Kielekezi ni thamani inayosema: kitu unachokitafuta kiko pale. Safu ni vitu vya aina moja vilivyopangwa mfululizo bila nafasi kati yao, mathalani namba tano zilizokaa pamoja.

Wengi hufundishwa kwa haraka kwamba kielekezi ni namba tu, basi. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Namba unaweza kuifanyia hesabu yoyote upendayo. Kielekezi huwezi.

Tuchukue safu ya namba kamili tano, tuiite a, na tuseme inaanzia anwani 1000. Katika kompyuta nyingi za leo namba kamili ya kawaida hukaa katika baiti 4. Basi vitu vyetu vitano viko 1000, 1004, 1008, 1012 na 1016. Sasa tukiwa na kielekezi p kinachoelekeza mwanzo wa safu, p + 1 ni ngapi? Anayedhani kielekezi ni namba atajibu 1001. Jibu ni 1004. Na kama safu hiyo hiyo ingekuwa ya namba za desimali zinazokaa katika baiti 8 kila moja, jibu lingekuwa 1008.

Kwa Kiingereza wahadhiri hueleza hili kwa kusema kwamba kompaila huzidisha kwa ukubwa wa aina. Ni kweli, lakini husikika kama ujanja wa mashine. Tulipojaribu kulisema kwa Kiswahili tuligundua kwamba sarufi yetu tayari inalo. Katika Kiswahili mtu hahesabu "moja" ikiwa peke yake. Ni mtu mmoja, kitabu kimoja, mti mmoja, mahali pamoja. Ukisikia "kimoja" unajua kwamba kinachohesabiwa ni cha ngeli ya ki-vi hata kabla hujaambiwa ni nini. Katika C ni vivyo hivyo: kielekezi kina ngeli yake, na ile 1 inayoongezwa lazima ipatane nacho. Kwa kielekezi cha namba kamili, 1 maana yake ni namba kamili moja. Kwa kielekezi cha herufi, 1 ni herufi moja. Kompaila hufanya upatanisho wa kisarufi, kama anavyofanya mtoto wa miaka minne kule Malindi bila kufundishwa.

Historia inaunga mkono maelezo haya. C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lugha iliyoitangulia, iliyoitwa B, haikuwa na aina. Kila kitu kilikuwa neno moja la mashine, na kielekezi kilihesabu maneno. Kisha ikaja mashine ya PDP-11, ambayo anwani zake zilihesabu baiti, na ambayo herufi ilikaa katika baiti moja na namba kamili katika mbili. Hapo swali "moja ya nini?" likawa haliepukiki, na aina zikaingizwa katika lugha. Tunaweza kusema, bila kuvuka mpaka sana, kwamba C ni B iliyopata ngeli.

Ndiyo maana pia kuna kielekezi kisichoruhusiwa kuongezwa chochote. C ina kielekezi kinachoandikwa void *, maana yake "kinaelekeza kitu, lakini hakisemi ni kitu gani". Hakina ngeli. Ukikiongezea 1, kiwango rasmi cha C hakina jibu, kwa sababu hiyo moja haina cha kupatana nacho. Baadhi ya kompaila, kama GCC, hukubali kwa hisani na kuihesabu kama baiti moja, lakini huo ni uamuzi wa kompaila yenyewe.

Pale na mle

Sasa tufike kwenye kanuni inayowaangusha wengi. Safu yetu ina vitu vitano: a + 0, a + 1, mpaka a + 4. Je, a + 5 inaruhusiwa? Jibu la C ni: kuifikia, ndiyo, kuingia, hapana. Unaweza kuhesabu mpaka hatua moja baada ya kitu cha mwisho, ukakihifadhi kielekezi hicho na kukilinganisha na vingine. Lakini huruhusiwi kusoma wala kuandika kilichomo, kwa sababu hamna "kilichomo". Ukienda a + 6, umevunja kanuni hata kama hukusoma kitu. Kule kuhesabu tu ni kosa.

Walimu wetu wa sarufi wametusumbua sana na ngeli za mahali, yaani pa, ku na mu. Pale ni mahali dhahiri. Kule ni upande fulani kwa jumla. Mle ni ndani. Kwa a + 5 tofauti hii inatosha kueleza kanuni nzima. Kuna pale, lakini hakuna mle. Kwa a + 6 hakuna hata pale. Hatujaona maelezo ya Kiingereza yanayolisema jambo hili kwa maneno machache hivyo.

Kwa nini waliruhusu pale pasipo na ndani? Kwa sababu panasaidia kuhesabu. Ukiwa na kielekezi cha mwanzo na kielekezi cha hatua moja baada ya mwisho, ukitoa cha kwanza kutoka cha pili unapata idadi kamili ya vitu, tano, bila kuongeza wala kupunguza. Na kitanzi kinachopitia safu kinajua kisimame wapi: kikifika pale, kimemaliza.

Upande wa pili, kabla ya mwanzo, hakuna ruhusa kabisa. a - 1 ni kosa. Wengi huona huu ni upendeleo usio na sababu, na huandika kitanzi cha kurudi nyuma kinachoendelea "maadamu p haiko chini ya a". Kitanzi hicho, ili kisimame, lazima p ifike a - 1, na hapo kanuni imeshavunjwa. Sababu ipo. Kuwa na anwani hatua moja baada ya mwisho kunahitaji baiti moja tu ya ziada baada ya safu. Lakini kurudi hatua moja kabla ya mwanzo kunahitaji nafasi ya kitu kizima, na kitu hicho chaweza kuwa na maelfu ya baiti. Katika mashine zilizogawa kumbukumbu yake katika vipande, safu inaweza kuanzia pale pale kipande kinapoanzia, nyuma yake pasiwe na kitu. Anayetaka kurudi nyuma aanzie a + 5, apunguze kwanza ndipo asome, na asimame p inapokuwa sawa na a.

Kutoa na kulinganisha

Vielekezi viwili vinaweza kutolewa kimoja kutoka kingine, na jibu ni idadi ya hatua, si idadi ya baiti. Kutoka 1004 hadi 1016 ni baiti 12, lakini kwa namba kamili za baiti 4 jibu ni 3. Sharti ni kwamba vyote viwili viwe vya safu moja. Ukiulizwa kati ya nyumba ya tatu ya mtaa huu na ya tano ya mtaa mwingine kuna nyumba ngapi, swali lenyewe halina maana. Sharti hilo hilo linahusu kuuliza kipi kiko mbele na kipi nyuma. Kuuliza kama viwili ni sawa au si sawa kunaruhusiwa kwa safu tofauti, ilimradi ni vya aina moja.

Kujumlisha vielekezi viwili hakuruhusiwi kamwe. Tarehe zinatupa mfano mzuri. Tarehe 9 Juni kutoa tarehe 5 Juni ni siku nne. Tarehe 9 Juni kujumlisha tarehe 5 Juni ni nini? Hakuna.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hata wenzetu wa mwaka wa tatu hubishana juu yake. Inawezekana a + 5 iwe na anwani ile ile ya safu nyingine iliyojengwa jirani. Ukivilinganisha, huenda vikawa sawa. Hata hivyo, ukitoka kwenye a huruhusiwi kuingia kwa jirani kupitia pale. Kufika ukutani kwa jirani si kukaribishwa ndani. Hapa ndipo kauli ya "kielekezi ni namba tu" inaposhindwa kabisa, kwa sababu namba ni moja na haki ni mbili.

Ubaya wake ni upi

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya kujaza mitihani. Hapana. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoitwa baadaye mnyoo wa Morris ilienea katika kompyuta nyingi za intaneti ya wakati ule. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuipelekea huduma fulani maneno ya baiti 536 wakati nafasi iliyotengwa ilikuwa baiti 512. Kazi ya maktaba iliyosoma maneno hayo, inayoitwa gets, haikuwa na njia ya kujua safu inaishia wapi. Iliendelea kupiga hatua tu. Kazi hiyo iliondolewa katika kiwango cha C mwaka 2011.

Mwaka 2014 ikafichuliwa dosari ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL. Mtu alituma ujumbe mfupi na kudai kwamba ni mrefu, na seva ilimrudishia urefu aliodai, ikisoma kumbukumbu iliyo nje ya ujumbe, mpaka karibu kilobaiti 64 kwa mara moja. Nchini Kanada, namba za utambulisho za watu wapatao 900 ziliibwa kutoka mamlaka ya kodi kwa njia hiyo. Waliosoma hawakuingia kwa nguvu. Waliingia mle ambamo hakukuwa na mle.

Na kuna tukio la tatu, ambalo kwetu ndilo lenye funzo zaidi. Mwaka 2008 kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilitoa onyo kuhusu ukaguzi uliokuwa ukiandikwa na wanaprogramu waangalifu. Waliandika: kama buf + len ni ndogo kuliko buf, basi tumezidisha, simama. Walidhani kielekezi ni namba, na namba ikizidi sana huzunguka na kurudi sifuri. Kompaila, ikifuata kanuni, ilifikiri hivi: katika programu halali kielekezi hakitoki nje ya safu, kwa hiyo buf + len haiwezi kamwe kuwa ndogo kuliko buf, kwa hiyo ukaguzi huu hauna kazi. Ikaufuta. Mlinzi aliwekwa mlangoni, kompaila ikamwondoa, na haikuvunja sheria yoyote. Njia sahihi ni kuuliza kabla ya kupiga hatua: je, len ni kubwa kuliko nafasi iliyobaki kutoka hapa hadi mwisho?

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba jambo fulani "halina maelezo" katika C. Wengi hudhani maana yake ni kwamba programu itakwama. Maana yake ni kwamba kiwango hakikuahidi kitu, na kompaila inaruhusiwa kudhani kwamba hujafanya hivyo.

Wanaopinga

Tumesikia hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba tutaishia kubuni maneno ambayo Dar es Salaam, Nairobi na Goma hawayajui. Ni hofu ya kweli. Sisi wenyewe hatukubaliani kama tuseme tarakilishi au kompyuta. Lakini angalieni tulivyoandika hapo juu. Kompaila, baiti na seva tumeziacha zilivyo, kwa sauti ya Kiswahili. Kazi ngumu imefanywa na maneno ya zamani: ngeli, pale, mle, hatua, jirani, moja. Tulichokosa kilikuwa zoezi la kuyatumia maneno tuliyokuwa nayo.

Ya pili ni kwamba waajiri watatuhoji kwa Kiingereza. Ndiyo, na tutajibu kwa Kiingereza, tena vizuri zaidi. Jambo ulilolikariri katika lugha moja hukuonyesha pengo lake pale unapolazimika kulieleza katika lugha nyingine. Msemo wa "kielekezi ni namba" ulitutosha kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ulitukwamia mdomoni, tukalazimika kuuliza ni namba ya nini.

Ya tatu ni ya mwenzetu: kwamba klabu itapoteza ladha yake. Hii tunaiheshimu kuliko zote mbili. Hatuombi kuondoa mashairi wala pilau. Lakini tunamwomba afikirie wanachama wanaokuja mara mbili kisha wakapotea. Tumewauliza baadhi yao. Walisema wanajihisi watoto wanapozungumza Kiswahili, kwa sababu Kiswahili chao hakina mahali pa mambo wanayoyawaza wakiwa watu wazima. Hao hatutawarudisha kwa methali peke yake.

Tunachoomba

Ombi letu litawekwa mbele ya mkutano mkuu wa mwisho wa muhula. Nusu saa, mwanachama mmoja, jambo moja. Walimu wetu wawepo, si kwa ajili ya kutusahihisha kila sentensi, bali watusikilize na kutuambia baadaye ni wapi sarufi ilitusaidia na ni wapi tuliilazimisha. Maneno tutakayokubaliana yaandikwe katika daftari la klabu, pamoja na yale tuliyoyakataa na sababu zake, ili watakaokuja baada yetu wasianze upya.

Nusu saa ya kwanza tunajitolea sisi, na tumeshachagua mada: kwa nini katika C hesabu ya safu huanzia sifuri. Mwenzetu aliyetuandikia tunamkaribisha kwa moyo mweupe akae mstari wa mbele. Na kama wapo wazazi walio karibu wanaoweza kufika, tunaomba waje pia. Tungependa wao ndio waamue kama tumeeleweka.